Abaskanto, Mchonga Nyuso za Makaisari

Abaskanto alichonga nyuso za Makaisari saba, na hakuwahi kumwona hata mmoja wao. Hilo halikumkosesha usingizi. "Na wao hawanijui mimi," alikuwa akisema, "kwa hiyo hakuna anayemdai mwenziwe salamu."

Mimi Karpo nilikuwa mpiga nyundo wake pale kiwanda cha sarafu, chini ya mlima Caelio. Yeye alichonga mihuri miwili ya chuma, mmoja wa uso na mmoja wa mgongo. Mwenzetu wa koleo aliweka kipande cha fedha chenye moto katikati ya ile mihuri, mimi nashusha nyundo, dinari inazaliwa. Nilipiga miaka ishirini na miwili, mpaka bega la kulia likaharibika na sikio la kushoto likafunga duka. Hapo ndipo ikulu ilipokumbuka kuniacha huru. Serikali ina ukarimu wake, hasa kwa kitu kilichokwisha vunjika. Tangu siku hiyo mimi na mke wangu Prokla tunauza mkate na dengu za kuchemsha mbele ya lango la kiwanda, na wateja wetu ni walewale niliokuwa natokwa jasho nao.

Abaskanto alikuwa mfupi, shingo imepinda kwa miaka ya kuinamia chuma. Kitu kilicho karibu na pua yake alikiona vizuri kuliko tai, lakini ng'ambo ya ua hakuweza kutofautisha mtu na nguzo. Akitaka kujaribu muhuri, alimtuma mlinzi kwa Prokla kuomba donge la unga uliokandwa, akaukandamiza humo, akautazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye tindo. Prokla alilirudisha lile donge tanurini bila haya. Kuna mteja aliwahi kulalamika kwamba mkate wake una ndevu.

Kazi ile ilikuwa na desturi zake. Habari ya Kaisari mpya hufika Roma mbio kuliko picha yake, maana majeshi humtangaza huko mpakani kisha ndipo watafute mchoraji. Askari nao hawangoji, wanataka zawadi yao yenye uso mpya. Kwa hiyo Abaskanto alichukua uso wa marehemu, akaongeza ndevu au akazipunguza, akanenepesha shingo, akaandika jina jipya pembeni. Wiki ya kwanza kila Kaisari alitawala na pua ya marehemu aliyemuua. Picha halisi ikifika, pua inarekebishwa kidogo kidogo, na watu husema mtawala amependeza.

Upande wa mgongo uliletwa kwa amri kutoka ikulu, na hapo ndipo tulipojifunza kusoma mambo ya nchi. Ukiona dinari mpya inasema ngano imejaa, nunua ngano leo, kesho haipo. Ukiona inasema majeshi yanapendana, ficha watoto. Lakini picha aliyoichonga mara nyingi kuliko zote ni ya yule mungu wa kike aitwaye Uhuru: mwanamke amesimama, mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine ameshika kofia ya sufu, ileile anayovikwa mtumwa siku ya kuachwa huru. Kila Kaisari aliyeingia alimwita aliyetangulia dhalimu, kwa hiyo alianza na Uhuru. Na aliyemchonga huyo Uhuru alikuwa mali ya ikulu, kama mama yake alivyokuwa mali ya ikulu.

Siku moja nilimuuliza kama haimuumi.

"Iniume nini? Hiyo kofia ni ndogo kuliko punje ya dengu," akasema. "Kinachoniuma ni shingo."

Alikuwa ananidanganya, na mimi nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Nilijua ukweli wakati wa Kaisari wa sita. Jina lake ni haramu kulitaja, limebanduliwa kwenye kuta kwa patasi, basi tumwite Fulani. Alitawala siku hamsini na moja. Alipoingia alitaka kupendwa haraka, akatoa amri waachwe huru watumwa mia wa ikulu, kumi kati yao kutoka kiwandani. Volusio, mkuu wa kiwanda, alimwita Abaskanto. Watu wa Fulani walikuwa wameipenda ile dinari yake, maana alimpa bwana wao taya ambalo, tulivyokuja kusikia baadaye, hakuwa nalo.

"Nina nafasi moja kwa ajili yako," Volusio akamwambia. "Niandike jina?"

"Andika Ampliata."

"Huyo binti yako? Nilikuwa nakuuliza wewe. Una miaka sitini, mzee."

"Mimi nimeshazaliwa, bwana. Wa kwake bado."

Ampliata alikuwa akisugua vipande vya fedha kabla havijaenda tanurini, na alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mumewe, mtu wa mkaa, alikuwa amehamishiwa kiwanda cha Antiokia kabla hajajua kuwa ni baba. Sheria yetu inajulikana: mtoto humfuata mama. Mama akiwa mtumwa siku ya kujifungua, kile kilio cha kwanza ni cha mtumwa. Abaskanto alikuwa akishindana na tumbo la binti yake, na kwa muda ule alidhani ameshinda.

Ampliata akaja kukaa kwetu. Ile kofia hakuivua, si kwa kuchota maji, si kwa kupika.

"Vua hilo likofia, litaungua moto!" Prokla akimfokea.

"Likiungua nitavaa majivu yake, mama."

Siku hamsini na moja. Kisha wale askari waliokuwa wanapendana kwenye dinari wakamuua Fulani hemani mwake. Akaja wa saba. Seneti ikatangaza kwamba Fulani alikuwa adui wa nchi, na yote aliyoyafanya hayakufanyika. Walinzi wawili walikuja kumchukua Ampliata mchana, tukiwa na foleni ya wateja. Cha kwanza walichochukua ni kofia. Mimi nilikuwa nimeshika upawa wa dengu. Nilitamani kuwapasua vichwa nao, sikufanya kitu, na mpaka leo najionea haya.

Mtoto alizaliwa ndani ya kiwanda, wa kiume, mweusi wa nywele na mwenye sauti. Volusio alitaka aandikwe kwenye orodha ya watumwa kabla ya siku ya tisa, siku ya kupewa jina. Prokla ndiye aliyeleta habari. Kuna mwandishi wa barua pale sokoni anayekula dengu zetu, amemwambia kwamba sheria ina huruma moja: mama akiwa huru hata siku moja tu ya mimba, mtoto huzaliwa huru, hata kama mama amerudi utumwani. Lakini mtumwa hawezi kudai uhuru mwenyewe. Lazima mtu huru asimame mbele ya hakimu, aweke mkono juu ya mtoto, aseme: huyu ni huru.

Mchana wa siku ile Abaskanto alikuja langoni wakati wa mapumziko, akanisogelea mpaka pua zikakaribia kugusana, maana bila hivyo hanioni.

"Karpo, mkono wako wa kulia unainuka mpaka wapi siku hizi?"

"Mpaka kifuani."

"Unatosha. Mtoto hayuko juu ya mti."

"Mzee, mimi si mtu wa kusema mbele ya wakubwa. Nikianza kutetemeka nitakuharibia."

"Tetemeka, ila sema. Umepiga kelele miaka ishirini na miwili, leo ndiyo umekuwa bubu?"

Kulikuwa na jambo jingine, na yeye ndiye aliyelitaja. Kiwanda kina amri ya zamani kuliko sisi sote: jua likizama, mtu huru halali ndani ya ukuta, kwa kuogopa wizi wa fedha. Haibagui umri. Tukishinda, mtoto atatoka jioni ileile, na mama yake atabaki. Angemwona langoni siku za soko, mchana, muda wa kula mkate.

"Bado ananyonya," Prokla akasema. "Ana siku saba. Nyie wanaume mmefikiria maziwa?"

"Jirani yako yule mke wa mfinyanzi si ananyonyesha?"

"Ananyonyesha wake! Nitamwomba, hatanikatalia, lakini si kazi ya kupanga nyie wawili mkitafuna dengu. Mwenye mtoto kasemaje?"

Abaskanto akainama. Hakuwa amemuuliza. Akaenda kumwita, na Ampliata akaja langoni na mtoto kifuani, macho yamevimba, hasira imemjaa.

"Nasikia mnanigawia mwanangu," akasema.

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Baba, ulinipa nafasi yako nami sikukuomba. Nakushukuru, na sitachoka kukushukuru. Hili la leo niulize mimi."

"Nakuuliza."

Alimhamishia mtoto titi la pili. Mlinzi akaanza kukohoa kututaka tuondoke.

"Akibaki, nitamnyonyesha mpaka aote meno, kisha atapelekwa kwenye mkaa kama baba yake," akasema. "Mchukueni. Lakini mkishindwa, Karpo, nisikuone tena hapa mbele ya lango na upawa wako."

Siku ya nane tukaenda kwa hakimu, Abaskanto na Ampliata na mtoto wakiletwa na walinzi wa kiwanda. Abaskanto alikuwa amenifundisha maneno mawili matatu tu. "Jina la Fulani usilitaje," aliniambia. "Litakukata kichwa na halitamfaa mtoto. Onyesha dinari yake, ujifanye mjinga. Hapo huhitaji kujifunza sana." Dinari yenyewe haikutoka kiwandani, Prokla aliipokea asubuhi ile kwa mteja. Nami, kama mtu yeyote wa sokoni asiyetaka kuibiwa, nilikuwa nimeiweka shavuni.

Volusio alianza. Lazima niseme haki, alisema vizuri. Mwanamke huyu ni mtumwa wa ikulu, mama yake alikuwa mtumwa wa ikulu. Aliyedai kumwacha huru alikuwa adui wa nchi, matendo yake yamefutwa na Seneti. Jambo lililofutwa halikuwapo. Kwa hiyo mwanamke hakuwahi kuwa huru hata saa moja. Akakaa, akapanga vazi lake.

Ikawa zamu yangu. Nikaweka mkono juu ya mtoto, akaanza kulia, na mimi nikasahau kila kitu.

"Huu ntoto ni fufu," nikasema.

"Una nini mdomoni, wewe?" hakimu akauliza.

Watu wakacheka. Nikaitema ile dinari kiganjani, nikaifuta kwa kanzu, nikaiweka mezani kwake. Kicheko kikaisha, maana walioketi mbele waliona uso wa nani.

"Huyu mtoto ni huru, bwana hakimu," nikasema. "Mimi sijui sheria, najua nyundo. Hii hapa aliipiga aliyeshika nafasi yangu, unaona imekaa upande, kazi ya ovyo. Lakini leo asubuhi mke wangu kaipokea kwa dengu na hakuna aliyesema si fedha. Nataka kuuliza tu. Kama yote aliyofanya huyu mtu hayakufanyika, hii nikaitupe mtoni?"

"Fedha ni fedha," Volusio akadakia. "Uso hauhusiki."

Hakimu alimwambia karani wake afungue sanduku la ada za mahakama. Karani akamwaga dinari saba mezani, nne kati ya hizo ni za Fulani. Hakimu akazitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye viatu vyake. Nikamwona hakimu anapiga hesabu kimya kimya: mshahara wake, kodi ya mikoa, posho za askari wa Kaisari wa saba, vyote bado vinalipwa kwa uso huo, kwa sababu hakuna mwenye fedha ya kutosha kuyeyusha na kupiga upya.

Kisha akamgeukia Abaskanto, aliyekuwa amesimama nyuma na watumwa, ambaye haruhusiwi kusema mpaka aulizwe.

"Wewe ndiye uliyeichonga hii?"

"Sogeza karibu, bwana, macho yangu hayafiki huko." Akaletewa, akaigusisha pua. "Ndiyo, kazi yangu."

"Kwa amri ya nani?"

Akilitaja jina, ni kosa. Akikana, ametuangusha.

"Kwa amri ya aliyekuwa na haki ya kuamuru siku ile," Abaskanto akasema polepole. "Mimi ni mtumwa, bwana, sikumwona. Amri ya kuchonga na amri ya kuwaacha huru watu kumi zilikuja asubuhi moja, mkono mmoja, nta moja. Bwana Volusio alizipokea zote mbili akazitii zote mbili. Kama moja ilikuwa ya uongo, basi tulitengeneza fedha bandia siku hamsini na moja, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi."

Volusio alisimama, akakaa, akasimama tena. Adhabu ya fedha bandia kwa mtu wa cheo chake anaijua yeye mwenyewe.

"Sikusema fedha ni bandia," akasema.

"Basi amri ilikuwa amri," hakimu akasema, akashusha pumzi. Alinyoosha mkono kwa Abaskanto, akaichukua tena ile dinari, akaiweka mezani uso chini, mgongo juu, na kidole chake hakikuigeuza tena.

"Upande ule sijauona," akasema. "Upande huu ninausoma. Pameandikwa Uhuru. Karani, andika: mama wa mtoto huyu alikuwa huru wakati wa mimba yake. Mtoto amezaliwa huru."

"Na mama?" nikauliza. Sikufundishwa kuuliza hivyo, lilinitoka.

"Mama amerudishwa na Seneti. Mimi sibishani na Seneti. Mtoto Seneti haikumtaja. Nenda, mzee, kabla sijakumbuka kwamba umenitemea mate mezani."

Nje Abaskanto aliniegemea kwenye lile bega bovu akalia kama mtoto, na mimi nikalia, na Prokla akatuambia tunazuia njia. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku yangu mwenyewe ya kofia. Tuliirudia mara kumi ile sura ya Volusio tukirudi. Ampliata alitembea nyuma yetu na mtoto, akimnyonyesha huku anatembea, na hakucheka nasi.

Jioni tulisimama langoni, sisi wawili nje, wao ndani. Jua lilikuwa limebaki kidole juu ya paa. Mlinzi wa zamu alikuwa mtu tunayemjua, mla dengu wa kukopa, lakini amri ni amri.

"Aliye huru atoke," akasema, bila kumtazama mtu.

Ampliata alimtoa mtoto titini. Alikuwa ameshalala, maziwa bado mdomoni. Akamfuta kwa kidole, akamfunga kitambaa vizuri, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akanyoosha mikono, na Prokla akampokea juu ya kizingiti. Abaskanto alikuwa nyuma ya binti yake, hatua nne tu, akikunja macho kuelekea mwanga.

"Ameshavuka?" akauliza.

"Amevuka, baba," Ampliata akasema.

Mlinzi akafunga lango, akashusha komeo. Mtoto akaamka na kuanza kulia, kile kilio chake kikubwa, na Prokla akambembeleza huku na huku bila mafanikio. Tulikuwa tumeshaanza kushuka barabara tuliposikia mtu anagonga mbao kutoka ndani kwa viganja.

"Upande wa kushoto!" Ampliata alikuwa akiita. "Prokla! Mlaze upande wa kushoto, ndivyo anavyolala!"

Mlinzi akamwambia anyamaze. Prokla akamgeuzia mtoto upande wa kushoto, naye akanyamaza.